Kiatu cha mbio na mwendo wa mwenye mguu

Kila hatua ya mbio huanza kwa wayo kugonga chini na kubeba mzigo unaofikia mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa wakimbiaji wengi kinachotangulia kugusa ardhi ni ukingo wa nje wa kisigino. Kwa wengine ni katikati ya wayo, na kwa wachache ni ile sehemu pana iliyo nyuma ya vidole. Baada ya hapo wayo hulalia ndani kidogo, upinde wake hushuka na goti hujikunja ili kumeza kishindo. Kisha wayo hukakamaa tena na kidole gumba husukuma ardhi nyuma. Yote hayo huisha kabla ya nusu sekunde, halafu mguu wa pili unachukua zamu. Kiatu kinachobana kidogo tu, au kilichoinama upande mmoja, huwa kimerudia kosa lake mara elfu kadhaa kabla ya mkimbiaji aliyetoka mtaa wa Huruma, Nairobi, kufika makutano ya Allsops na kurudi.

Kulalia ndani ni jambo la kawaida. Ndiyo njia ya mguu ya kupokea uzito. Hata hivyo, mbio za kujifurahisha ziliposhika kasi Marekani miaka ya 1970, kampuni za viatu zilianza kulichukulia kama kasoro ya kurekebishwa, na miguu ya watu ikagawanywa katika makundi matatu. Kipimo chenyewe ni chepesi na kinaweza kufanyika kwenye korido ya ghorofa yoyote mtaani: mguu uloweshwe kwenye beseni, ukanyage kipande cha boksi, alama isomwe. Alama iliyojaa upande wa ndani ilihesabiwa kuwa ya wayo bapa, na mwenye nayo akapewa kiatu kigumu cha kuuzuia mguu usilale. Alama iliyobaki mkanda mwembamba upande wa nje ilihesabiwa kuwa ya upinde wa juu, na mwenye nayo akapewa kiatu laini. Waliobaki wakapewa cha kati.

Mgawo huo bado umeandikwa kwenye viatu vinavyomwagwa soko la mitumba la Gikomba kila asubuhi, kwa anayejua kuusoma. ASICS Gel-Kayano, Saucony Guide na Brooks Adrenaline ni viatu vya kuushikilia mguu. ASICS Gel-Nimbus, Brooks Ghost na Nike Pegasus ni viatu visivyouingilia mwendo. Jina likiwa limefutika, kiatu kitazamwe ubavuni upande wa ndani, chini ya upinde: matoleo mengi ya zamani ya aina ya kwanza yana kipande cha povu gumu zaidi, mara nyingi cha rangi ya kijivu, kilichobandikwa hapo. Kikibonyezwa kwa kidole gumba hakikubali kama povu la upande wa nje.

Tatizo ni kwamba mgawo ulipopimwa, ulilegea. Joseph Knapik na wenzake waliwafuatilia maelfu ya makurutu wa majeshi ya Marekani, wa nchi kavu, wa anga na wa Marine. Kundi moja lilipewa viatu kulingana na umbo la wayo, na jingine likapewa viatu vya aina moja bila wayo kuangaliwa. Viwango vya kuumia havikutofautiana kwa maana yoyote. Nchini Denmark, Rasmus Nielsen na wenzake waliwapa watu 927 waliokuwa wakianza mbio kiatu kilekile kisichoingilia mwendo na kuwafuatilia mwaka mzima; waliolalia ndani hawakuumia zaidi ya wenzao. Upo ushahidi wa upande wa pili pia. Laurent Malisoux na wenzake huko Luxembourg walichapisha mwaka 2016 utafiti wa wakimbiaji 372 uliodumu miezi sita, ambapo kiatu cha kuushikilia mguu kilipunguza majeraha, na waliofaidika hasa ni wale waliolalia ndani. Kwa hiyo kiatu cha aina hiyo si cha kutupwa. Kinachopaswa kutupwa ni tabia ya muuzaji kumtazama mtu miguu kwa dakika moja na kumtangazia ugonjwa.

Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walitoa pendekezo linaloonekana rahisi mno hata likatiliwa shaka: mkimbiaji achague kiatu anachokiona kimemkaa vizuri. Hoja yao ni kwamba kila mwili una njia yake ya kusogea unayoipendelea, na kiatu cha starehe ni kile kinachouacha upite njia hiyo. Safu hii inaona ushauri huo ndio unaomfaa mkimbiaji wa mitaa ya Eastlands kuliko mwingine wowote, kwa sababu hauhitaji mashine wala duka la vioo. Ila starehe inayosemwa hapa ni ya kiatu kinapokimbiwa. Starehe ya kusimama mbele ya kibanda huku muuzaji akisifu rangi ni jambo jingine kabisa.

Kenya yenyewe imetumika kama ushahidi katika ugomvi wa namna wayo unavyopaswa kutua. Daniel Lieberman wa Harvard alipochapisha utafiti wake katika jarida la Nature mwaka 2010, vijana wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia miguu mitupu walionekana kutua kwa sehemu ya mbele ya wayo. Ulaya na Marekani watu wakanunua viatu vyembamba kama karatasi ili wakimbie kama Wakenya. Mwaka 2013 Kevin Hatala na wenzake wakachapisha matokeo ya Wadaasanach 38 wa kaskazini mwa Kenya, watu wazima ambao nao wamezoea kukimbia bila viatu. Kwa kasi waliyojichagulia wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino. Kasi ilipopanda, utuaji ukasogea mbele. Basi hakuna utuaji mmoja wa Kikenya. Anayekimbia polepole alfajiri kabla ya kwenda kazini atatua tofauti na bingwa wa Iten, na kujilazimisha kutua kwa vidole kwa sababu ya picha za televisheni ni kuyatafutia mashavu ya miguu maumivu.

Ardhi nayo ina neno lake. Mkimbiaji wa Huruma hupita juu ya saruji, kabro, lami iliyobanduka na murram katika mbio moja, na mvua za masika zikianza huongezeka tope na maji yanayoficha shimo. Kwa njia ya namna hiyo, soli ya chini yenye meno ya wastani na msingi mpana hufaa kuliko soli laini iliyoinuka sana. Barabara ya Outering tangu ilipopanuliwa ina njia ya watembea kwa miguu iliyo afadhali, ingawa pikipiki nazo zimeiona. Anayekimbilia ukingo wa lami akumbuke kwamba barabara huinuka katikati ili maji yatiririke pembeni. Mguu mmoja utakuwa chini ya mwenzake njia nzima, na soli za viatu vyake zitalika bila kulingana hata kama miguu yake haina hitilafu yoyote.

Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vingi vya mbio havilisemi, kwa kuwa viliandikiwa watu wanaonunua kiatu kipya. Kiatu cha mtumba kimeshafundishwa mwendo wa mtu mwingine. Povu la katikati limekandamizwa pale alipokanyaga yeye, ukuta wa kisigino umeinama alikoinamia, na vidole vyake vimechimba vishimo kwenye soli ya ndani. Kulika kidogo kwa ukingo wa nje wa kisigino si neno, maana ndivyo wengi wanavyotua. Cha kuogopwa ni kiatu kilicholala.

Namna ya kukikagua ni hii. Pea iwekwe juu ya ubao ulionyooka, itazamwe kwa nyuma usawa wa macho. Visigino vyote viwili vinatakiwa visimame wima. Kimoja kikiinama ndani au nje, pea hiyo iachwe hata kama ni kamera, yaani chaguo la kwanza la robota. Kisha povu la ubavuni libonyezwe. Mikunjo mingi midogo iliyojipanga kwa ulalo chini ya kisigino huonyesha kwamba povu limechoka, na hakuna sabuni inayolifufua. Soli ya ndani ichomolewe iwekwe chini, na mnunuzi aikanyage akiwa mguu mtupu: vidole vikimwagika nje ya ukingo, kiatu ni chembamba kwake, namba iseme inavyosema. Mwisho mkono upitishwe ndani mpaka mbele. Viatu vingi vya Nairobi hupigwa uzi na fundi ili soli isibanduke, na mafundo ya uzi yaliyoachwa ndani yatausugua wayo wa mkimbiaji ingawa mtembeaji asingeyahisi. Kiatu kinachong'aa kama kipya nacho kikunjwe mara mbili tatu. Kikiwa kimekaa ghalani miaka mingi, gundi huwa imekauka na soli inaweza kung'oka wiki ya kwanza.

Namba hudanganya. Nike iliyoandikwa 8 ya Uingereza ya wanaume huandikwa pia 42.5 ya Ulaya na sentimita 27; Adidas yenye 8 hiyohiyo ni 42 na sentimita 26.5. Nusu sentimita hiyo inatosha kuua kucha ya kidole gumba kwenye mteremko. Kwenye lebo iliyo chini ya ulimi wa kiatu, kipimo cha kulinganishwa ni kile cha sentimita au kilichoandikwa JP. Mguu upimwe jioni, ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na kwa soksi zilezile za kukimbilia. Mbele ya kidole kirefu zaidi ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kidole kirefu si lazima kiwe cha kwanza, na mguu mmoja kwa kawaida huuzidi mwenzake, hivyo kiatu hufuata mguu mkubwa. Kisigino kisichomoke mtu anapopanda ngazi, na ngazi Huruma hazikosekani. Baada ya hapo inafaa kukimbia hatua hamsini. Muuzaji anayemkataza mteja kukimbia hatua hamsini ana sababu zake.

Anayetaka kuujua mwendo wake amwombe mwenzake amrekodi kwa simu kwa nyuma, usawa wa kisigino, akikimbia kwa kasi yake ya kila siku. Picha ikipunguzwa kasi itaonyesha kama mguu mmoja unalala kuliko mwingine na kama kiatu kinapinda pamoja na mguu au kinaupinga. Jambo hilo lina maana zaidi kwa mtu anayeumwa mara kwa mara mahali palepale, kwenye muundi au ndani ya goti. Huyo anaweza kujaribu kiatu cha kuushikilia mguu, na maumivu yakibaki amwone mtaalamu wa fiziotherapia. Asiyeumwa hana cha kurekebisha.

Kipimo kingine cha kuangaliwa ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na vidole. Pegasus ina takriban milimita 10. Iten, kiatu cha kwanza cha Enda, kampuni ya Kenya iliyoanzishwa na Navalayo Osembo na Weldon Kennedy na kuchangisha mtaji wake kupitia Kickstarter mwaka 2016, ina milimita 4. Kadiri tofauti inavyopungua ndivyo shavu la mguu na kano ya kisigino vinavyobeba zaidi. Aliyezoea kisigino kirefu ahamie kwenye kifupi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, akianza na mbio fupi.

Viatu virefu vyenye bamba la kaboni, vya jamaa ya kile alichovaa Eliud Kipchoge Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alipomaliza umbali wa marathoni kwa 1:59:40, navyo vinaonekana kwenye mitumba. Shirikisho la riadha duniani liliweka mwaka 2020 kikomo cha milimita 40 kwa soli ya mbio za barabarani. Soli ya kimo hicho kwenye lami nyoofu ni msaada mkubwa. Juu ya kabro iliyokosa vipande viwili vitatu huyumba na kukivuta kifundo cha mguu. Povu lake pia hufa mapema, na kilichofika sokoni huenda kimeshatoa mbio zake nzuri zote ughaibuni.

Kiatu kipya cha mazoezi hukadiriwa kudumu kilomita 500 hadi 800. Cha mtumba kihesabiwe kuwa kimebakiza nusu, au chini ya hapo. Mwenye uwezo wa kununua pea mbili za bei ndogo badala ya moja ya bei kubwa ana hoja nzuri: katika utafiti mwingine wa Malisoux na wenzake, uliohusu wakimbiaji 264, waliobadilisha viatu kati ya mbio na mbio waliumia mara chache kuliko waliotegemea pea moja. Viatu vilivyolowa vikaushwe kivulini vikiwa vimejazwa karatasi za gazeti, kwa kuwa jua kali la juu ya paa na joto la jiko huikausha gundi na kulikunja povu. Maumivu mapya ya muundi yakianza bila mtu kuongeza kilomita, pea ya kukimbilia ishushwe cheo iwe ya kwenda sokoni.