Pima upepo wa tairi kabla gari halijatoka nyumbani

Shule zikishafungwa kwa likizo ya Desemba, mitaa ya Nairobi kama Umoja, Buruburu na South B hupata sura mpya. Magari ambayo yamekuwa yakilala nje juma zima, kwa kuwa mwenyewe huenda kazini kwa matatu ili kuokoa petroli, huoshwa yakang'aa. Oili hutazamwa, maji huongezwa, na mkanda wa injini hushikwashikwa na fundi wa hapo kona. Halafu baba hulipiga tairi teke moja, anaona halikubonyea, naye anaridhika kwamba safari i tayari.

Msomaji mpendwa, teke si kipimo. Wala jicho si kipimo. Matairi ya siku hizi yana ubavu laini ambao hufura kidogo hata yakiwa na upepo wa kutosha, kwa hivyo tairi lenye pauni 24 na lenye pauni 33 yanaweza kusimama kando kwa kando usitambue lipi lina njaa. (Pauni ninazozitaja ni za kila inchi mraba, zile ambazo mafundi huziita PSI.) Isitoshe, tairi zima lisilo na pancha yoyote hupoteza kama pauni moja kila mwezi, upepo ukipenya polepole kwenye mpira wenyewe. Gari ambalo halikupimwa tangu Juni limeshapungukiwa na pauni tano au sita, na hakuna aliyelikosea.

Ubaya wa tairi lililopungukiwa si kwamba linakula petroli tu, ingawa linakula. Kila linapozunguka, ubavu wake hukunjika na kunyooka, hukunjika na kunyooka, mara mamia kwa dakika. Mkunjo huo huzaa joto. Mjini hutaliona, maana unasimama kila mzunguko. Lakini ukishaiacha Limuru nyuma na kushika mwendo wa kilomita 90 kwa saa, ukiwa na watu watano na mizigo, joto hujilimbikiza ndani mpaka mpira uanze kuachana na nyuzi zilizoushikilia. Hapo ndipo tairi hupasuka, aghalabu la nyuma, ambalo ndilo limebeba uzito wa mizigo.

Wengi huniambia wao hupima kwenye kituo cha petroli, tena bure. Sina ugomvi na vituo vya petroli. Shida ni kwamba ukifika huko gari limeshatembea, na tairi lililotembea limepata moto, na upepo wenye moto hutanuka. Kwa kila nyuzi tano au sita za joto kwa kipimo cha selsiasi, kipimo cha upepo hupanda kwa pauni moja hivi. Baada ya safari ndefu, kupanda kwa pauni nne hadi sita ni jambo la kawaida. Takwimu zilizoandikwa na watengenezaji ni za tairi baridi, yaani gari ambalo limesimama kwa muda wa saa tatu au zaidi, au halijatembea zaidi ya kilomita mbili tatu kwa mwendo wa pole.

Kuna jirani yetu mmoja aliyekuwa akisafiri na jamaa yake kwenda magharibi. Alipofika Nakuru, kilomita kama 160 kutoka Nairobi, akasimama kupima. Kijana wa pampu akasoma 38, akasema upepo umezidi, akautoa mpaka 32. Jirani akamshukuru na kumpa ya chai. Asubuhi ya pili, tairi zikiwa zimepoa kule kwao, kila moja ilikuwa na 27, ila hakuna aliyepima. Wakati wa kurudi wakapakia mahindi na ndizi. Kabla hawajafika Nakuru, tairi la nyuma kushoto likachanika na gari likaanza kuyumba. Mungu alikuwa nao, ukingo wa barabara pale ulikuwa mpana na hakuna lori lililokuwa likija. Watoto walitoka wakilia lakini wazima. Kijana yule hakuwa na nia mbaya, na kipimo chake hakikuwa kibovu. Alipima kwa wakati usiofaa tu. Tairi lenye moto haliondolewi upepo, hata likisoma juu namna gani.

Basi nunua geji yako mwenyewe. Ile ndogo inayofanana na kalamu, bei yake haifiki ya kuku mmoja wa kienyeji, nayo hupatikana kwenye maduka ya vipuri kama yale ya barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi. Pampu ya mguu ni ghali kuliko hapo lakini hudumu miaka. Iko pia ile ya umeme ambayo huchomekwa pale pa kuwashia sigara. Ukiitumia, iache injini ikinguruma ili betri isichoke, lakini si ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu moshi wa gari huua. Tena ipumzishe kila baada ya dakika kumi hivi, kwani nayo hupata moto.

Swali linalofuata ni: pauni ngapi? Hapa watu hupotea sana. Husoma namba iliyochorwa kwenye ubavu wa tairi, labda 44 au 51, wakaijaza yote. Hiyo ni kikomo ambacho tairi lenyewe halifai kupita, haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Namba yako iko kwenye karatasi iliyobandikwa pembeni mwa mlango wa dereva, au ndani ya kifuniko cha tangi, au kwenye kitabu cha gari. Kwa kuwa magari yetu mengi yametoka Japani, huenda karatasi hiyo imejaa maandishi usiyoweza kuyasoma. Usibabaike, maana tarakimu ni zilezile. Ukiona 220, 230 au 240, hizo ni kilopaskali. Zigawanye kwa saba upate pauni kwa kukadiria: 230 inakupa karibu 33. Ukiona 2.3, zidisha kwa 14.5 na utafika palepale.

Baadhi ya karatasi huwa na safu mbili, ya gari jepesi na ya gari lililojaa. Safari ya mashambani ni ya safu ya pili, hasa wakati wa kurudi. Gunia moja la mahindi ni kilo 90, sawa na mtu mzima mwenye kitambi, naye huketi palepale juu ya tairi za nyuma. Ukilibeba pamoja na shangazi na mkungu wa ndizi, usitarajie upepo wa kwenda kanisani utoshe.

Kazi yenyewe si ngumu, nami ningependekeza apewe mwanafunzi aliye nyumbani likizoni, mvulana au msichana, kwa maana humo mna somo la fizikia bila ada. Aifanye alfajiri, kabla jua halijaanza kuchoma upande mmoja wa gari. Gari liwe mahali tambarare na breki ya mkono imevutwa. Apime zote nne kwanza na kuandika, ndipo apampu. Geji ibanwe moja kwa moja kwenye valvu. Ikilia "psss", haijakaa sawa na hesabu yake ni ya uongo. Akijaza kupita kiasi hakuna hasara, atabonyeza ulimi wa valvu kidogo na kupima tena. Mwishowe, adondoshe mate au maji ya sabuni kwenye valvu. Povu likitokea, pale pana uvujaji na fundi wa pancha atapamaliza kwa dakika chache. Kisha vifuniko virudishwe, kwani ndivyo huzuia vumbi na mchanga. Najua vifuniko hivyo hupotea sana mitaani, watoto huvipenda, lakini vingine ni vya shilingi chache.

Hata hivyo, tairi moja likisoma chini mno kuliko wenzake, tuseme 15 pale ambapo mengine yana 29, usilijaze ukaondoka. Lina pancha, au huenda limetembezwa likiwa bapa na ubavu wake umevunjika ndani. Livuliwe rimu litazamwe.

Wanaoelekea Mombasa wana fumbo lao. Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na Mombasa iko baharini, ambako hewa ya nje ni nzito zaidi. Kwa sababu hiyo, tairi lilelile likiteremshwa pwani husoma chini kwa pauni mbili unusu hivi. Lakini asubuhi ya pwani ina joto kuishinda ya Nairobi kwa nyuzi kama kumi, nalo joto hilo hurudisha karibu pauni mbili. Pima tena asubuhi yako ya kwanza huko, uone mwenyewe.

Usilisahau tairi la akiba. Kama ni lile jembamba lenye rangi ya kuchekesha, mara nyingi huhitaji pauni 60, na halifai kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Wengi hulivuta kwenye buti usiku huko Mtito Andei na kukuta ni laini kama chapati.

Neno moja kuhusu umri. Tafuta herufi DOT ubavuni, huenda ukalazimika kuchungulia upande wa ndani. Tarakimu nne za mwisho ni juma na mwaka wa kutengenezwa: 2314 ni juma la 23 la mwaka wa 2014. Tairi la miaka kumi halinunuliwi wala halisafiriwi nalo, hata kama meno yake ni mapya. Wenye trela ndogo za kuvuta nyuma ya gari waliangalie hili zaidi ya wote, kwa sababu trela husimama juani miezi na miezi, na mpira wake hupasuka nyufa bila kwenda popote. Upepo utaujaza vizuri kabisa, na bado utachanika.

Jumapili ijayo tutaangalia namna ya kulishika gari iwapo tairi litapasuka njiani, na sababu ya kuuondoa mguu kwenye breki.