Betri Ikifa, Usikimbilie Dukani

Wakulima wengi siku hizi wana pikapu au motokaa ndogo ya kuchukulia maziwa, mboga na mbolea. Hayo ni maendeleo mema. Lakini iko desturi moja inayowatoa fedha bure. Asubuhi motokaa ikikataa kuwaka, mwenyewe husema, "Betri imekufa," kisha huuza mbuzi akanunua nyingine. Haupiti muda mrefu, na ile mpya nayo imekufa. Hapo humlaumu mwenye duka, na maziwa yamekwisha haribika.

Maoni yangu ni kwamba mkulima asinunue betri mpya kabla ya kujua ni kitu gani kilichoiua ile ya kwanza. Betri ni kama tangi la maji. Ukiliona tupu asubuhi, huendi kununua tangi jingine. Watazama kwanza kama liko tundu linalovuja, au kama mfereji unaolijaza umeziba. Betri nayo yataka kuangaliwa vivyo hivyo.

Kwanza, tazama vichwa vyake viwili. Vikiwa na unga mweupe au wa kijani, umeme haupiti vizuri. Ondoa nyaya, ukianza na ule wa hasi, kisha visugue kwa brashi na maji ya moto yenye kijiko cha soda ya kuokea, lakini maji hayo yasiingie ndani ya betri. Vikikauka, kaza nyaya na upake grisi.

Pili, pima nguvu yake. Mita ya umeme ni rahisi sana kuliko betri. Betri iliyojaa, baada ya kupumzika usiku kucha, huonyesha volti 12.6. Ikionyesha 12.2, imebaki nusu tu. Kisha washa injini upime tena. Mita yapasa kupanda mpaka volti 13.8 au 14.5. Ikibaki kwenye 12, basi altaneta au mkanda wake una kasoro, na hata ukinunua betri tatu hazitakusaidia.

Tatu, mtafute mwizi wa usiku. Taa ndogo ya wati 5 iliyosahauliwa ndani hula karibu ampea 0.4. Betri ya ampea-saa 45 haitavumilia hata juma moja. Taa kubwa mbili za wati 55 kila moja huimaliza kwa saa tano tu. Tena redio na king'ora vilivyofungwa vibaya hunywa umeme huku mwenyewe amelala. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango. Ondoa waya wa hasi, uiweke mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri, wala usiiwashe motokaa wakati huo. Ngoja nusu saa. Ikionyesha zaidi ya ampea 0.05, toa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiitoa mita inashuka, ndiyo njia ya mwizi.

Ukiona hakuna kasoro yoyote, na betri ikichajiwa haishiki, hapo imezeeka kweli. Betri nyingi hudumu miaka mitatu mpaka mitano. Na katika baridi ya Kinangop au Molo, betri dhaifu hujulikana mapema, kwa maana baridi huipunguzia nguvu.

Kuibadilisha si kazi ya kuogopwa. Nunua ya kipimo kile kile, yenye vichwa upande ule ule. Redio nyingine hudai namba ya siri baada ya umeme kukatika, basi iandike kabla ya kuanza. Zima injini. Ondoa kwanza waya wa hasi, kisha wa chanya. Unapofunga mpya, anza na chanya na umalize na hasi. Sababu ni kwamba bodi ya motokaa imeungana na hasi. Spana ikigusa chanya na bodi kwa pamoja, itatoa cheche kali. Usivute sigara hapo, kwa sababu betri hutoa hewa inayolipuka. Maji yake ni asidi. Yakikurukia, jioshe mara moja kwa maji mengi.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Altaneta na nyaya zilizoungua ni kazi ya fundi, nakubali. Lakini fundi yuko mjini, na maziwa hayangoji. Tena anayejua kasoro iko wapi hulipa fundi kwa kazi moja, si kwa kubahatisha.

Betri kuukuu usiitupe shambani wala usiwaache watoto waichezee. Ndani yake mna madini ya risasi, ambayo ni sumu. Watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliugua kwa sumu ya kiwanda kilichoyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia. Irudishe kwa mwuza betri. Wengi huinunua.

Yafaa basi kila chama cha wakulima kiwe na mita moja, na mtu mmoja wa kuwafundisha wenzake kuitumia. Watu kumi wakichanga, mzigo ni mdogo. Mita hiyo ikizuia betri moja tu kununuliwa bure, imekwisha rudisha gharama yake.