Hana Kichwa cha Lugha?

"Mwalimu, huyu wangu hana kichwa cha lugha, kamrithi baba yake." Walimu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza wameizoea kauli hiyo. Mzazi huisema akicheka, lakini si upuuzi mtupu.

Mwaka 2010 Philip Dale na wenzake, akiwemo Robert Plomin wa King's College London, walitoa utafiti wa jozi 604 za mapacha wa miaka 14 nchini Uingereza waliokuwa wakisoma lugha ya pili shuleni. Mapacha wa yai moja wana jeni zilezile. Wa mayai mawili hufanana kama ndugu wa kawaida. Wale wa kwanza wakikaribiana darasani kuliko hawa wa pili, ziada hiyo huandikwa upande wa urithi. Urithi ulibeba takriban asilimia 67 ya tofauti za watoto hao. Malezi na shule walizochangia mapacha? Asilimia 13 hivi.

Hapo wengi huteleza. Asilimia 67 si sehemu ya lugha ya pili ambayo mtoto alizaliwa nayo. Ni kipimo cha tofauti baina ya watoto wa nchi moja, wakati mmoja, wenye mtaala mmoja na walimu waliosomea kazi hiyo. Wote wakishapewa karibu kilekile, kitakachowatenganisha ni kipi zaidi ya walivyozaliwa? Tena alama zenyewe zilitolewa na walimu wao, kwa hiyo huenda zimebeba maoni yao pia.

Tanzania hatujafika huko. Mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza ameisikia lugha hiyo tangu chekechea. Mwenzake wa shule ya kata alisoma kwa Kiswahili miaka saba, akaingia kidato cha kwanza akakuta baiolojia na jiografia zimegeuka Kiingereza, huku mwalimu akirudi kwenye Kiswahili ili kipindi kisogee. Ukiwapanga hawa wawili kwa alama ukasema umeona vipawa, umeona ada.

Hata hivyo sikubaliani na wanaotaka jeni zisitajwe kabisa. Watoto waliokaa dawati moja, wakafundishwa na mwalimu mmoja, hawashiki lugha kwa kasi moja, na mwalimu asiyelikubali hilo humwona mzito kuwa mvivu. Ndiyo njia ya kufika kwenye viboko, na kwenye kile kibao cha kuvalishwa shingoni kwa kosa la kuongea Kiswahili. Kibao hakimwongezei mtoto neno hata moja, kinamfunza kunyamaza.

Na ukidhani jeni huamua kila kitu, nenda Kiwengwa, Unguja, kwenye hoteli za Waitaliano. Wapo mapapasi, vijana wa ufukweni wanaowauzia watalii safari, ambao Kiingereza cha shule kiliwashinda, na leo wanapatana bei kwa Kitaliano, wanatania, wanabembeleza, wanagombana. Jeni zao ni zilezile walizoingia nazo darasani. Kilichoongezeka ni Mwitaliano wa kuongea naye kila siku, na njaa ya kuuza safari ya baharini.