Picha kwanza, ami



Juma lililopita ami yangu, anayeishi hapa hapa Uingereza, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akanyamaza, kisha akasema: "Mwanangu, nakojoa damu tangu Ramadhani."

Hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe. Utotoni kwao Pemba waliogelea mtoni, na damu ya kichocho lilikuwa jambo la kawaida kwa wavulana. Akadhani ni kile kile kimerudi. Alipokwenda hospitali, daktari aliingiza kamera akaona uvimbe kwenye kibofu. Sasa ametakiwa apige MRI, naye hataki. "Wameshauona. Si wautoe tu?"

Nikamweleza hivi. Kamera huona uso wa uvimbe, haioni umezama kiasi gani. Kibofu kina utando kwa ndani, na nyuma yake msuli. Saratani iliyobaki kwenye utando kwa kawaida hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo, na mara nyingi dawa huwekwa kibofuni. Ikiingia kwenye msuli, kukwangua pekee hakutoshi. Huzungumzwa habari ya kuondoa kibofu, au mionzi pamoja na dawa.

MRI hutumia sumaku, haina mionzi. Tangu 2018 wasomaji wa picha wana alama, 1 hadi 5, za kukadiria kama msuli umeguswa. Ni bora ipigwe kabla ya kukwangua, maana kidonda kibichi huvuruga picha. Haiondoi haja ya kupeleka kinyama maabara, lakini huokoa muda. Katika utafiti wa BladderPath wa hapa Uingereza, wagonjwa wenye saratani ya msulini walioanzia MRI walifikia tiba sahihi kwa takriban siku 53, wengine, 98.

"Na wakikuta imeingia msulini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Basi hatutapoteza wiki hizo, ami."

Amekubali. Jumanne nitampeleka. Nimemwambia aseme mapema kama ana chuma au kifaa cha moyo mwilini, na kwamba mashine ina kelele lakini haiumi. Majibu hatuyajui bado.

Nawe msomaji, damu kwenye mkojo, hata mara moja, hata isiyouma, usiifiche. Mwambie daktari, na mtaje pia ule mto wa utotoni.