Tusiache Mbachao kwa Msala Upitao

Wako wengi wanaoona kuwa namna ya kuzitazama na kuziweka filamu ni jambo la starehe tu, lisilostahili kuwashughulisha viongozi wala kuandikiwa tahariri. Sisi tunaliona kwa jicho jingine. Filamu leo ni sehemu ya kumbukumbu ya jamii, sawa na vitabu na hati. Na kwa sisi watu wa Visiwani, ambao karibu kila tukitumiacho ama kimevuka bahari au kinaitegemea bahari, swali la nani anayeishika nakala mkononi si swali dogo hata kidogo.

Zamani mtu wa Unguja aliyetaka kutazama filamu alikwenda senema, Majestic au kwengineko, akakata tikiti, akatazama, akarudi kwake. Baadaye zikaja kanda za video, na baada yake diski za DVD, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996. Aliyenunua diski alikuwa na mali. Aliweza kuitia katika deki usiku wowote autakao, kumwazima jirani, kuiuza alipoichoka, na kuwarithisha watoto wake. Muuzaji hakuwa na njia ya kuingia ndani ya nyumba na kuichukua tena.

Siku hizi mambo yamebadilika. Filamu imewekwa katika mitambo ya kampuni iliyo nchi za mbali, na mtazamaji huilipia ada ya kila mwezi ili aitazame kwa njia ya intaneti. Hata pale anapobonyeza neno “nunua”, mara nyingi anachokipata ni ruhusa ya kutazama, nayo ruhusa hiyo ina mwisho wake. Wazee wetu walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Mifano ipo. Mwezi wa Desemba 2023 kampuni ya Sony iliwatangazia wateja wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyokwisha kuvinunua vingeondolewa kabla ya mwaka kumalizika, kwa sababu mkataba baina ya kampuni hizo mbili ulikuwa unakwisha. Yalizuka malalamiko makubwa, na uamuzi huo ukaahirishwa. Lakini wateja wakawa wamekwisha kufahamu kwamba walichokilipia hakikuwa chao. Mwaka huo huo filamu iitwayo Crater, ambayo kampuni ya Disney iliitoa mwezi wa Mei katika huduma yake ya intaneti, iliondolewa humo mwisho wa Juni. Filamu yenye umri wa wiki saba ikawa haitazamiki mahali ilipozaliwa.

Mwaka huo pia, mwezi wa Septemba, kampuni ya Netflix, ambayo mwaka 1998 ilianza kwa kukodisha diski kwa njia ya posta, ilipeleka diski yake ya mwisho baada ya kuwa imepeleka zaidi ya bilioni 5. Jimbo la California, ambako ndiko yaliko makao ya biashara hii, lilitunga sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sheria hiyo inamkataza muuzaji kutumia neno “nunua” kwa bidhaa za aina hii pasipo kumweleza mteja waziwazi kwamba anapewa leseni tu. Inafaa kuangalia kwamba sheria hiyo haikumgusa yule anayemruhusu mteja kupakua faili na kuliweka kwake moja kwa moja. Kwa hiyo tofauti kubwa haipo baina ya diski na intaneti. Ipo baina ya kitu ulicho nacho wewe na kitu alicho nacho mwingine.

Sisi watu wa Visiwani tuna sababu zaidi ya wengine ya kulizingatia hili. Mwezi wa Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa wakati mmoja, na huduma ya intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi kadhaa za jirani. Na nani miongoni mwetu amesahau yaliyotupata Unguja kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010, wakati kisiwa kizima kilipokaa miezi mitatu bila ya umeme wa kutoka Tanzania Bara? Waya mmoja ni njia nzuri ya kuletea vitu, lakini haufai kuwa ghala pekee la kuviweka.

Tena kuna suala la gharama. Kwa maelezo ya Netflix yenyewe, kutazama kwa saa moja hutumia hadi gigabaiti 1 ya data kwa picha ya kiwango cha kawaida, na hadi gigabaiti 3 kwa picha ya kiwango cha juu. Mwenye kutazama mara mbili hununua bando mara mbili. Diski iliyopandishwa boti kwenda Pemba mara moja yaweza kuonyeshwa katika ukumbi wa skuli mara mia, wala haimdai mwalimu senti nyingine isipokuwa ya umeme.

Hata hivyo, haki itendeke kwa pande zote. Hatusemi kwamba intaneti ni adui. Ndiyo inayomwezesha kijana wa Wete kutazama filamu siku ile ile inapotoka, na Mzanzibari aliyeko Muscat au London kusikia lugha yake bila ya kungoja mgeni amletee kanda. Aidha diski ndiyo iliyowaumiza wasanii wetu wa Tanzania kwa miaka mingi, kwani ilikuwa rahisi kunakiliwa na kuuzwa barabarani kwa bei ya kutupa. Ndiyo sababu mwaka 2013 kazi za filamu na muziki zilianza kubandikwa stempu za kodi. Wala diski si kitu cha milele. Akiba haiozi, lakini diski huoza. Unyevu ukipenya, utando wa madini ulio ndani yake huingia kutu, na diski zilizorikodiwa nyumbani au dukani hudhoofika mapema kuliko zile za kiwandani. Hata mawe hayadumu yakikosa matengenezo. Sote tunakumbuka tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit el Ajaib ilipoporomoka na roho za watu zikapotea.

Tunalolisema ni kwamba usalama wa kumbukumbu upo katika wingi wa nakala na wingi wa mahali zilipowekwa. BBC ya Uingereza, katika miaka ya 1960 na 1970, ilifuta kanda nyingi za michezo yake ya televisheni, nyingine zikatumiwa upya kwa kuwa kanda zilikuwa ghali. Miongoni mwa vilivyopotea ni vipindi vingi vya mchezo wa Doctor Who. Mwezi wa Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba vipindi 9 vilivyodhaniwa kuwa vimepotea vilipatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria, ambako nakala za filamu zilipelekwa zamani ili zirushwe, zikabaki rafuni. Kilichofutwa London kilisalimika Afrika, kwa sababu kilikuwa kitu cha kushikika na kiliachwa mikononi mwa watu wengine.

Sasa tujiulize kuhusu mali yetu wenyewe. Riwaya ya Shafi Adam Shafi, Vuta N'kuvute, imo majumbani na maktabani, na hakuna awezaye kuziondoa nakala zote kwa siku moja. Filamu iliyotokana na riwaya hiyo, iliyoongozwa na Amil Shivji na kutolewa mwaka 2021, imewaonyesha walimwengu Zanzibar ya miaka ya 1950. Je, mtoto atakayezaliwa leo ataikuta wapi atakapofikia umri wa miaka 30? Jawabu la swali hilo lisiachiwe mkataba wa kampuni yoyote ya ng'ambo.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahusika Serikalini. Kwanza, kila filamu inayopewa kibali cha kupigwa Unguja au Pemba, na kila inayogharimiwa kwa fedha za umma, iwekewe nakala kamili katika Nyaraka za Taifa, kwa masharti yanayolinda haki ya msanii. Ikiwa kanuni zilizopo zinatosha, zitekelezwe. Ikiwa hazitoshi, ziandikwe. Pili, nakala hizo zisiwe moja wala zisikae nyumba moja. Iwepo ya Unguja, iwepo ya Pemba, na iwepo ya tatu nje ya Visiwa, na zote zikaguliwe na kuhamishiwa vyombo vipya kabla hazijaharibika. Tatu, kanda za zamani za Televisheni Zanzibar, iliyokuwa ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ziorodheshwe moja moja na hali yake ijulikane, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Nne, wizara zinapoingia mikataba ya filamu za mafunzo kwa skuli na hospitali, zidai faili la kuwekwa nchini na lenye kutumika bila ya intaneti, si anwani na neno la siri linalokufa ada ikichelewa.

Kwa wananchi wenzetu tunasema: tazameni kwa intaneti kwa raha zenu, lakini msizitupe diski na kanda zilizomo makabatini. Mna humo harusi, maulidi, ngoma na sauti za wazee waliokwisha kututangulia, vitu ambavyo hakuna kampuni duniani itakayowauzia. Zipelekeni zikahamishwe wakati deki za kuzisomea bado zinapatikana, kwani nazo zinazidi kuwa chache mwaka hata mwaka.

Msala mpya umetandikwa na sisi tumeukalia kwa furaha. Ule wa zamani tusiutupe, tuukunje tuuweke.