Ushuru wa korosho ghafi: anayelipa ni nani?

Leo tuache kidogo mambo ya kupogolea na kupalilia, tuongee hela.

Wengi wenu mnasema ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje "ni mambo ya mnunuzi". Hapana. Sheria iliuweka asilimia 15 ya bei ya bandarini au dola 160 kwa tani, kile kinachozidi. Mnunuzi anapoandika bei yake ya mnada, ushuru huo keshautoa. Piga hesabu: dola 160 kwa tani ni senti 16 za dola kwa kilo. Dola ikiwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi 400 kwa kila kilo yako. Na bei ya dunia ikishuka ndiyo inauma zaidi: tani ikiuzwa dola 800, dola 160 zile zile zinakuwa asilimia 20.

Sasa ufutwe? Mimi sisemi hivyo. Lengo lake ni zuri: korosho ghafi iwe nafuu kwa kiwanda cha hapa kuliko kwa wabanguaji wa India na Vietnam, ajira ibaki Mtwara na Lindi. Lakini ushuru peke yake haubangui korosho. Kama viwanda havina mtaji, korosho zitapanda meli vile vile, na wewe bei umeshakatwa.

Ndiyo maana awali asilimia 65 ya makusanyo ilitengwa kwa ajili ya zao lenyewe. Mwaka 2018 sheria ikabadilishwa, zote zikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini wakapiga kelele bungeni. Walikuwa na haki. Kumkata mkulima bei bila kumrudishia kitu shambani ni kumpunja tu.

Kwa hiyo salfa ya ruzuku usiipokee kama hisani. Ni hela yako inarudi. Kwenye mkutano wa AMCOS simama uulize: ushuru wa msimu uliopita umerudi kiasi gani? Salfa itafika lini? Maana ikifika ubwiri unga umeshakausha maua, umepata hasara mara mbili: bei ulikatwa, na mavuno huna.

Msiogope kuuliza. Hela ni zenu.