Acheni kuhubiri, ulizeni

Wadau, leo nina ugomvi na sisi washauri wa bure. Mtu akisema tu anataka kuacha sigara, meza nzima inageuka madaktari. Mapafu yataoza! Huwaonei huruma wanao? Jamaa anajitetea weee, mwisho anatoka nje kuvuta moja ya kupunguza hasira. Nimemfanyia hivyo rafiki yangu, tena si mara moja.

Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, aliyekuwa akishughulika na walevi, aliandika mwaka 1983 kuhusu njia nyingine: mshauri aulize, asikilize, asibishane. Mwaka 1993 yeye na wenzake wakatoa utafiti: kadiri mshauri alivyombana mnywaji, ndivyo mnywaji alivyokunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Hebu rudia kusoma hapo.

Anayetaka kubadilika ana mawakili wawili kichwani, mmoja wa kuacha, mwingine wa kuendelea. Ukijipa kazi ya wakili wa kwanza, unamwachia yeye kumtetea wa pili. Na mtu huamini zaidi kinachotoka kinywani mwake.

Swali ninalolipenda mimi ni hili: kuanzia sifuri mpaka kumi, kuacha kuna umuhimu gani kwako? Akisema nne, usimuulize mbona si kumi, atakupa visingizio. Muulize mbona nne na si sifuri. Hapo lazima ataje sababu zake, si zako.

Nilimuuliza yule rafiki yangu. Akasema tatu. Mbona si sifuri? Akanyamaza, halafu akasema binti yake hukunja uso akimbusu. Miaka yote nimemwimbia kansa! Sisi waandishi tunajisifu kwa kuuliza, lakini tunauliza ili tupate nukuu. Hapa unauliza ili anayejibu ajisikie mwenyewe.

Mtaniambia huku ni kumbembeleza mtu mzima. Sikubali. Kubembeleza ni kumwambia anachotaka kusikia, na mimi siku ile sikumwambia kitu. Ila njia hii ina mahali pake: jamaa akiwa amelewa na anatafuta funguo za gari, usimuulize sifuri mpaka kumi, mnyang'anye funguo.

Rafiki yangu hajaacha bado. Juzi kanipigia mwenyewe, siku ya nne hajavuta. Ulimi ulinisimama kwenye "nilikuambia", nikaumeza, nikamuuliza amewezaje.